Shingo za Mburukenge

Mwanamke anayeniuzia masanamu pale Kongowea aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia maradhi ya aibu, kama vitu hivi ni vya kuchezea au ni vya dawa. Nilikuwa nimechutama mbele ya turubai lake, suruali nimeikunja, napekua robota la vitu vya watoto lililofunguliwa asubuhi ile: viatu vya mguu mmoja, magari yasiyo magurudumu, vichwa vya wanasesere vyenye nywele za manjano. Mkononi nilimshika mnyama wa plastiki mwenye pembe tatu, nimemgeuza chali nasoma maandishi ya tumboni mwake.

"Dawa gani?" nikamwuliza.

"Mie sijui, mzee. Kwetu kule bara, mtu mzima akinunua mjusi wa mpira kila juma, na mjukuu hana, watu huuliza."

Nikamwambia ni vya kuchezea. Aliziangalia mvi zangu, akaguna, akamfunga yule wa pembe tatu kwenye gazeti. Tangu siku ile huniwekea kando chochote kinachofanana na mjusi, na nadhani moyoni mwake bado anaamini ni vya dawa.

Vitabuni jina lao ni dinosaria. Mtaani kwetu Kisauni ni mburukenge, jina la yule mjusi mkubwa mwenye kuiba mayai ya kuku, na mimi nimelikubali jina hilo kwa sababu nimechoka kubishana. Nimefanya kazi ya ukarani wa kuondosha mizigo bandarini mpaka nikastaafu. Mke wangu alifariki, mtoto hatukujaliwa. Nyumba ninayoishi ni ya mama yangu, na sebuleni mlikuwa na rafu za ukuta mzima zimejaa mburukenge, pamoja na askari wachache wa plastiki wenye viungo vya kukunjika. Wageni wakiingia, wale wachache wanaoingia, husimama kwanza mlangoni kabla ya kutoa salamu.

Nitaeleza kidogo, maana asiyejua atadhani nimepungukiwa. Vitu hivi vilitengenezwa nilipokuwa mtoto na hata kabla, katika viwanda vya mbali: plastiki ngumu, rangi moja, mkia ukiburura chini kwa sababu wataalamu wa wakati ule waliamini ndivyo walivyotembea. Kila mnyama ana kalibu yake ya chuma ya kumiminia plastiki, na kalibu huchongwa na mkono wa mtu, na mtu hukosea. Mara ukucha umesahauliwa. Mara rangi imechanganywa vibaya, kijani kikatoka cha mwani badala ya kijani cha majani. Mara herufi ya tumboni imechongwa kinyume. Kosa likionekana kiwandani, kalibu hurekebishwa, lakini waliokwisha kutoka wametoka, wakaenda madukani, wakachezewa, wakapotea. Hao ndio tunaowatafuta sisi. Na kwa kuwa kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, siku hizi pia wako wa kuigiza, wepesi, wananuka mafuta ya taa, na usipojua kuwapima mkononi utarudi nyumbani na takataka.

Nikisema "sisi" nina maana ya kikundi cha watu mtandaoni, wengi wao wa nchi za baridi. Niliwapata baada ya mke wangu kufariki. Siku moja nilikwenda Kongowea kununua mbatata, nikamwona mburukenge wa shingo ndefu amelala juu ya rundo la soksi. Alikuwa ndugu wa yule niliyemwona utotoni ndani ya kioo cha duka moja kisiwani, nikasimama mpaka mama akanivuta mkono. Mama hakutaka masanamu nyumbani mwake. Nyumba yenye sanamu malaika hawaingii, alisema, na mambo yakaisha hapo. Dada yangu alishona wanasesere wake kwa vipande vya leso, bila macho wala mdomo, akacheza nao hivyo hivyo. Mimi sikuwa na kitu cha kushona. Basi siku ile ya mbatata nilimnunua yule mnyama, nikampiga picha, nikauliza mtandaoni ni wa wapi, na ndani ya saa moja watu nisiowajua walikuwa wananijibu kwa furaha kana kwamba nimejifungua.

Sijui kama mtu asiyeishi peke yake anaweza kuelewa jambo hilo lilinifanyia nini. Kila asubuhi nilipiga picha karibu na dirisha, nikaandika Kiingereza changu cha ofisini, nikajibiwa. Kuna mzee mmoja ambaye hunisalimu kwa kunieleza hali ya hewa ya kwao. Nilijua habari za theluji yake kuliko nilivyojua habari za jirani yangu. Sauti yake sijawahi kuisikia.

Fahari yangu ilikuwa mmoja. Huyo naye wa shingo ndefu, wa kijani, na ukimtazama ubavuni hana tofauti na wenzake niliokuwa nao wa shingo ndefu. Lakini ukimgeuza, herufi moja tumboni imetazama upande usio wake. Yule mwanamke wa Kongowea alinitolea ndani ya mfuko wa plastiki, amechanganyika na vibanio vya nguo. Niliposambaza picha ya tumbo lake, kikundi kizima kililipuka. Mzee wa theluji aliandika kwamba amemtafuta tangu ujana wake na hajapata kumwona ila kwenye picha. Sikumweka rafuni. Nilimfunga kwa leso ya marehemu mke wangu nikamtia kabatini, jua lisimchujushe rangi.

Sasa nimfikie dada. Ni mkubwa wangu, na ndiye mtu pekee aliye hai aliyenijua nikiwa mtoto. Aliolewa Likoni angali msichana, akazaa, akalea, akazika mume. Kutoka kwangu kwenda kwake ni kuvuka daraja, kukata kisiwa kizima, kisha kupanga foleni ya feri, na kwa umri wetu safari hiyo ilikuwa imebaki ya Idi na matanga tu. Alipotoka edani nilimwendea. Nilimkuta amewekwa chumba cha nyuma kwa binti yake, analala na wajukuu kitanda kimoja, virago vyake viko chini ya kitanda.

"Dada," nikamwambia, "nyumba ya mama iko, vyumba vitupu. Ndoo kwangu tukae."

Akauliza: "Na hao mburukenge wako?"

"Tutapata la kufanya."

Nilitaka sana aje. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu. Nilikuwa nimefika hali ya kuinjika chai ya vikombe viwili kwa mazoea, nikanywa kimoja, nikamwaga kimoja kwenye sinki nikitazama pembeni.

Akaja. Alikuja na begi, chetezo, na mbuzi yake ya kukunia nazi, maana ya kwangu hakuiamini. Kwa siku chache nyumba ikawa nyumba. Asubuhi iliki, jioni udi. Tulibishana kama mama alitia sukari kwenye mbaazi au hakutia. Mimi nilisema alitia, yeye akasema nilikuwa mtoto mwenye ulimi wa uongo. Tuliwataja watu waliokufa ambao hakuna mwingine duniani anayeweza kuwataja, yule muuza halua aliyekuwa na jicho moja, yule bibi aliyekuwa akitutishia kwa bakora yake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Simu niliisahau. Mzee wa theluji aliandika kuniuliza kama ninaumwa.

Lilikuwa jambo moja tu. Dada hakuswali ndani. Kila adhana ilipolia alichukua msala wake akatoka barazani, akaswali pale, watu wakipita. Sikuambiwa neno. Nikaweka pazia mbele ya rafu. Akashukuru, akalisifu pazia, akaendelea kuswali barazani. Nikasema nitawahamishia stoo.

"Na stoo si nyumba hii hii?" akauliza kwa upole.

Basi nikasema nitatafuta mahali pengine pa kuwaweka, nikasema kesho, nikasema keshokutwa. Nilikuwa nawataka wote, yeye na wao. Mvua za asubuhi zikaanza, na jirani akaniuliza mbele za watu kama dada yangu amefukuzwa sebuleni. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku moja nilikuwa nimevaa viatu nitoke kwenda Magongo, ambako mtu mmoja alinipigia simu kwamba ana sanduku la michezo ya kale, limeachwa na watu waliohama. Dada alikuwa amesimama karibu na pazia, ameshika kitambaa mkononi. Alhamisi ya juma lile alikuwa amealika wanawake wenzake wasome maulidi.

"Ndugu yangu," akasema, "hawa wako nataka niwatengeze kidogo kabla ya watu hawajaja. Una neno?"

Nilikuwa natafuta miwani. Nikajibu kama atakavyojibu mtu yeyote aliyelelewa nyumba ile: "Neno gani, dada? Nyumba ni yako. Tengeza upendavyo."

Kutengeza ni neno pana. Mtu hutengeza kitanda, hutengeza nywele, hutengeza chai, na samaki naye hutengezwa. Mimi, nikiwa na haraka zangu, nilielewa kufuta vumbi. Hata nilifurahi, nikajiambia amewazoea.

Sanduku la Magongo lilikuwa kenge watupu, wale wa kuigiza. Nilipima mmoja, wa pili, nikamrudishia mwenyewe kwa adabu, akakasirika kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Nilirudi baada ya alasiri, joto limenipanda kichwani. Nilipofungua mlango nilimkuta dada yuko sebuleni, juu ya msala, anaswali. Ndani. Pazia limekunjwa vizuri juu ya kiti. Nilisimama kimya nisimkatize, na kwa pumzi ile moja nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikatazama rafu. Mburukenge wote walikuwa wamefutwa wakang'aa, wamepangwa safu kwa safu, wote wameelekea upande mmoja, upande aliokuwa ameelekea yeye. Na kila mmoja alikuwa na mkato shingoni, mwembamba, mweusi kidogo pembezoni mahali plastiki ilipoyeyuka.

Alitoa salamu kulia na kushoto, akanigeukia. Uso ulikuwa umemchangamka, sijauona hivyo tangu mumewe afe.

"Nimewatinda," akasema. "Mmoja mmoja, na bismillahi nimetia. Kisu nalikipasha moto kwanza nisiwavunde vipande. Sasa si masanamu tena, ndugu yangu. Na wakae walipo, wala huna haja ya kuwatoa."

Kutinda ndiyo kuchinja, kwa lugha ya nyumbani kwetu. Nilijua mara moja alichokifanya na kwa nini. Chuoni, tulikosomea Kurani tulipokuwa watoto, mwalimu akikukuta umechora mtu au mnyama hakukuchapa. Alichukua kalamu akapiga mstari shingoni. Kichwa kikishatengwa na mwili, kilichochorwa hakina uhai wa kudaiwa, ni sawa na kuchora mti. Dada hakufanya uharibifu. Alitafuta njia ya kuniachia vitu vyangu na yeye abaki. Alikaa mchana kutwa juu ya jiko la makaa, mwanamke wa umri ule mwenye magoti mabovu, akitafuta shingo za wanyama asiowajua. Mwenye mabamba mgongoni shingo yake haionekani vizuri. Alikuwa na mikato miwili, wa kwanza begani, naona ulimpotea. Askari aliwakata chini kidogo ya kola, kwa heshima.

Yote hayo niliyafikiri baadaye. Pale pale sikufikiri kitu. Kwa watu wa kazi yetu hii ya kukusanya, mkwaruzo wa ukucha hujadiliwa juma zima. Niliweka mkono juu ya rafu, nikautoa.

"Umechoka bure, dada," nikasema. "Ahsante."

"Si vibaya?"

"Hata. Haidhuru."

Akanitazama. Mtu aliyekuogesha ukiwa mtoto humwambii haidhuru akaamini. Niliona furaha inamtoka usoni taratibu, akainama kukunja msala.

Watu wa kwetu hatujui kugombana. Laiti ningepiga kelele siku ile, angenijibu, angeniita mwehu, ningesusa chakula, na kesho yake tungekula. Badala yake tulizidisha adabu. Nilimshukuru kwa kila kikombe. Akaanza kuniuliza ruhusa ya kuwasha jiko. Nilipoingia sebuleni aliniachia kiti, nilipokaa nilimsihi arudi kukaa, na mwisho tukawa tumesimama wote wawili. Ubishi wa mbaazi uliisha. Siku moja nilisema mama alitia sukari, naye akasema huenda ni kweli. Nilijua tumeharibikiwa.

Asubuhi moja alinikuta dirishani nimemshika yule wa pembe tatu, nasugua mkato kwa kidole gumba. Nilikuwa nadhani yuko jikoni.

"Ni jambo kubwa nililofanya?" akauliza.

"Plastiki tu, dada."

"Niwie radhi."

"Hakuna radhi ya kutaka. Nilikwambia mwenyewe utengeze."

"Niwie radhi," akarudia, kwa sauti ile ile, kama hakunisikia.

Nikasema nimemwia radhi. Akatikisa kichwa.

Maulidi yalisomwa. Wanawake walijaa sebule, wakasimama kumswalia Mtume, marashi yakanyunyizwa mpaka juu ya mburukenge. Mimi nilikaa barazani nikisikiliza, na nakiri nilifurahi, nyumba ya mama haijasikia sauti zile miaka mingi. Siku ya pili yake dada alisema binti yake anakaribia kujifungua, hana budi kwenda. Atarudi mtoto akitimiza arobaini. Nikamsindikiza mpaka kwenye feri. Alibeba begi, chetezo, na kwenye kikapu, chini ya leso, niliona mguu wa mbuzi ya kukunia nazi.

Mtoto alitimiza arobaini. Nikapiga simu, akasema inshallah. Nikapiga tena, inshallah. Sisi tunaoizungumza lugha hii tunajua inshallah ya mtu anayefunga mizigo na inshallah ya mtu anayefunga mlango. Nikaanza tena kuinjika chai ya vikombe viwili.

Kwenye kikundi nilisema kilichotokea. Nilitaka mtu wa kuzungumza naye, na hao ndio niliokuwa nao. Niliweka picha. Walisikitika sana, kusema kweli, walisikitika kuliko nilivyotarajia. Mmoja aliuliza kama kuna gundi inayoweza kuficha mkato. Mwingine, mgeni, alidhani ni aina adimu iliyotoka kiwandani hivyo, akaomba picha za karibu. Nikaeleza habari ya mstari wa shingoni, na malaika, na chuo. Hakuna aliyeuliza swali. Kisha mzee wa theluji, yule wa salamu za kila asubuhi, akaandika: mwanamke gani anaweza kufanya jambo kama hilo?

Damu ilinipanda. Nikamjibu kwamba mwanamke huyo ni dada yangu, amenilea, na kama hana adabu anyamaze. Akaomba msamaha haraka. Asubuhi iliyofuata hakuandika habari za hali ya hewa, wala mimi sikumwuliza.

Nilikaa na jambo lile. Nikawaza hivi: dada hakukimbia masanamu, amekimbia aibu ya kunitazama usoni. Anaamini nimemwia kwa mdomo tu, na haki anayo kuamini hivyo. Maneno yamekwisha kazi. Kila nikimwambia nimesamehe anasikia adabu. Basi nitampa kitu kisichokuwa neno. Yule wa kabatini hakumgusa, hakujua hata kama yupo. Nikimtinda mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, yule ninayempenda kuliko wote, ataona kwamba sina kinyongo. Ataona nimekuja upande wake.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Niliwasha jiko la makaa kama alivyofanya yeye, ingawa gesi ipo. Nikamfungua kwenye leso. Nilimgeuza nikaitazama ile herufi yake iliyokosea njia, nikamgeuza tena. Nikipasha kisu moto mikono ilikuwa imara, jambo lililonishangaza. Nikapiga bismillahi. Shingo yake ni ndefu na sikujua mahali hasa, nikakata karibu na kichwa. Plastiki ilitoa harufu kali na moshi kidogo. Sitasema vinginevyo, nililia juu ya mjusi wa plastiki, mtu mzima, mlango umefungwa.

Nikampeleka dirishani kwenye mwanga mzuri, nikampiga picha ubavuni ili mkato uonekane. Nikamtumia dada. Chini yake niliandika maneno mawili tu: "Dada, tazama." Nilifikiri picha imekwisha kusema yote.

Jibu lilikuja baada ya magharibi. Dada haandiki, hurekodi sauti. Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga analia na sufuria zinagongana.

"Salaam aleikum, ndugu yangu. Picha nimeiona kwa mato yangu. Mie nalikutaka radhi, si mara moja, na wewe ukasema umeniwia. Sasa wanitumia picha ya nini? Wanionesha nililokufanyia? Nalijua. Haupiti usiku nisilikumbuke. Niachia basi, babangu, mie mtu mzima."

Niliisikiliza nikiwa nimesimama. Nikaisikiliza tena nikiwa nimekaa. Kisha nikabonyeza nikajibu kwa sauti, haraka, maneno yakinipanda moja juu ya jingine. Nilimwambia hapana, dada, huyu ni mwengine, huyu hukumtinda wewe, alikuwa kabatini, nimemtinda mie leo hii kwa mkono wangu. Nikamwambia si sawa na wale, ukimgeuza tumboni kuna herufi imeangalia kinyume, kwa jinsi hiyo yeye ndiye, yeye ndiye... Hapo nikakwama. Nilikuwa najisikia mwenyewe: mzee anaeleza tumbo la mjusi. Nikasema tu, nimefanya hivi urudi nyumbani. Nikaachia kidole.

Alijibu upesi. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anajaribu kwa moyo wote kunielewa.

"Mwengine yupi, ndugu yangu? Nimeifungua tena picha, nimemwonesha na mwanangu. Mbona ni yule yule wa kijani?"

Nimemweka rafuni pamoja na wenzake wa shingo ndefu, nimemwelekeza wanakoelekea. Nikisimama mlangoni, hata mimi siwezi kusema ni yupi.